Tazama reli inaelekea wapi

Juzi mdogo wangu alinipigia simu akiwa njiani kwenda Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, basi limekwama nyuma ya malori ya shaba. Akaniambia, “Yaya,” ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu mkubwa, “Wabelgiji walitujengea reli, wakatujengea mji. Sisi wenyewe tumefanya nini?” Nilikuwa nawahi kazini, sikumjibu vizuri. Namjibu hapa, maana najua hawazi hivyo peke yake.

Nina mwaka wa tisa Ubelgiji, katika mji mdogo karibu na Antwerpen. Treni inapita hapa kila saa. Asubuhi bibi mmoja anapanda na kikapu chake, anashuka kituo cha tatu, ananunua mboga, anarudi. Watoto wanaenda nayo shule. Reli za huku zimefumwa kama mkeka, mji umeshikana na mji.

Sasa tazama zetu. Reli iliingia Lubumbashi, kule kwetu Katanga, mwaka 1910 ikitokea kusini, Rhodesia (upande ambao leo ni Zambia), na mji ukazaliwa mwaka huohuo kwa ajili ya shaba. Mwaka 1928 nyingine ikafika Ilebo, ikaishia mtoni: mzigo unashushwa, unapakiwa melini hadi Kinshasa, unapandishwa treni tena mpaka bandari ya Matadi. Mwaka 1931 ikafunguliwa njia ya Lobito, pwani ya Angola. Hadi leo huwezi kupanda treni Lubumbashi ukashukia Kinshasa. Mdogo wangu, hawakusahau. Walichora njia ya kutolea shaba, na abiria akadandia humohumo.

Walikuja kwa hilo tangu mwanzo. Leopold II wa Ubelgiji alitamani koloni hata kabla hajawa mfalme, na mwaka 1885 Kongo ikawa mali yake binafsi hadi 1908. Alisema anakomesha biashara ya watumwa. Lakini Ulaya ilipoanza kuhitaji mpira wa magurudumu, askari wake walishika wanawake mateka mpaka waume zao walete mpira wa kutosha. Kwetu Katanga walikuwa wakishindana na watu wa Cecil Rhodes, tajiri Mwingereza aliyeitaka pia. Msiri, mfalme wa huko, alikataa bendera ya Leopold, watu wa Leopold wakampiga risasi kule Bunkeya, Desemba 1891.

Kambo wetu, yaani babu, alifanya kazi kwenye tanuru miaka mingi. Unamkumbuka alivyosimulia posho, unga na maharage vikipimwa kila wiki mbele ya foleni? Alijua kwa rangi ya moto kama shaba imeiva. Mzungu kijana akija, kambo ndiye aliyemfundisha, na mwezi haujaisha kijana ndiye mkubwa wake. Siku ya uhuru mwaka 1960, nchi nzima ilikuwa na Wakongo wahitimu wa chuo kikuu wasiofika 30. Nchi kubwa kama hii! Unaniuliza tumefanya nini, nami sikatai kwamba wakubwa wetu wameiba, na wanaiba bado. Ila walikuta nchi imeshapangwa kwa ajili ya kutoa, wakakaa kwenye kiti kilekile.

Huku niliko watu ni wema, wengi wao hawakufundishwa haya shuleni. Mwenzangu wa kazini alishangaa nilipomwambia kwamba lile tao kubwa la Cinquantenaire, pale Brussels, lilijengwa kwa fedha za Kongo. Amepita chini yake tangu utotoni.

Mwaka jana nilikwenda Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka 1897 walileta Wakongo 267, wakawaweka kwenye vijiji vya maonyesho bustanini ili watu waje kuwatazama. Saba walikufa. Makaburi yao yako pembeni mwa kanisa, yamepangwa mstari mmoja: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Mvua ilikuwa ikinyesha. Niliyasoma majina kwa sauti, mara mbili, kwa sababu sikujua ni lini mara ya mwisho mtu aliyaita kwa matamshi ya kwetu.

Ukipata viza, mdogo wangu, nitakupokea uwanja wa ndege na tutaanzia pale, kabla hata ya kufika nyumbani.