Mzabuni huchaguliwa kabla ya zabuni

Mwaka 2015 kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, ilinunua matoroli kumi kwa zaidi ya shilingi 109,000 za Kenya kila moja. Toroli la kawaida dukani lilikuwa halifiki hata sehemu ya kumi ya bei hiyo. Utetezi uliosikika ni kwamba yametengenezwa kwa malighafi isiyoleta saratani. Watu walicheka mpaka machozi, maofisa kadhaa wa kaunti wakafikishwa mahakamani, na toroli likabaki kuwa mfano wa kila anayetaka kuusema vibaya ugatuzi, yaani kuzipa kaunti madaraka na fedha.

Mimi toroli lile linanifikirisha kwa sababu nyingine. Halikuibwa usiku. Lilipita mezani, likapata sahihi na mhuri. Siku mzabuni alipopewa kazi, mambo yalikuwa yamekwisha zamani: kuna aliyeandika mahitaji, kuna aliyekadiria bei, kuna aliyeamua nani aulizwe na nani asiulizwe. Hatua tunayoigombania sana, ya kufungua zabuni na kumtangaza mshindi, kwa kawaida huja wakati mshindi ameshajulikana.

Nalisema hili nikiiangalia Tanzania, ambako tumeweka imani kubwa kwenye hatua hiyo hiyo. Tangu Oktoba 2023 taasisi za umma, zikiwemo halmashauri 184 za Bara, zinatakiwa kununua kupitia NeST, mfumo unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 ikaupa mfumo huo nguvu zaidi. Kenya nao walitaka kwenda njia hiyo mwaka 2025. Magavana wakaupinga hadharani mfumo wa kitaifa, na suala likafika Mahakama Kuu. Magavana walilalamika kuhusu maandalizi na madaraka ya kaunti. Wananchi wengi walisikia jambo moja tu: hawataki kuonekana.

Faida za mfumo si za kubeza. Anayekumbuka ilivyokuwa zamani anajua. Tangazo la zabuni lilibandikwa kwenye ubao wa halmashauri, likakaa siku mbili, likafunikwa na tangazo la chanjo ya mifugo. Nyaraka ulizifuata ofisini, ukaambiwa mhusika yuko semina. Bahasha ziliwasilishwa kwa mkono, kwa hiyo mtu angeweza kukaa nje ya geti akahesabu nani ameingia na nani bado. Leo zabuni inaonekana kwa kila aliyejisajili, inafunguliwa na mfumo saa iliyopangwa, na kila aliyeigusa anaacha alama yake. Kijana mwenye kampuni ndogo Singida anaweza kuomba kazi ya Songea bila kujua afisa manunuzi wa huko anafananaje.

Lakini uwazi huo huo una upande wa pili, na wanaousema si wezi peke yao. Mzabuni wa Dar es Salaam anaweza kushinda kazi ya kupeleka karatasi na wino Kakonko, mkoani Kigoma, kwa tofauti ya shilingi elfu chache kwa katoni. Bei imepungua, sawa. Printa ikigoma mwezi unaofuata, nani anakuja? Na fedha ile ingezunguka pale mjini, ikalipa kodi ya fremu na ushuru, sasa imepanda basi na kuondoka. Mwenye duka pale, ambaye hana kompyuta, anakwenda steshenari kujaziwa zabuni na kijana anayejua, na nywila yake inabaki kwa huyo kijana. (Siku moja mtu atachunguza ni zabuni ngapi za wilaya moja zimejazwa kwenye kompyuta moja.) Kwa upande mwingine, tukisema mzabuni wa jirani apewe kipaumbele, tusijifanye hatujui jirani ni nani. Kwenye mji wa maduka manne ya vifaa vya ujenzi, moja ni la shemeji wa mkuu wa idara.

Kuna njia ya tatu ambayo tumeijaribu kwa ukubwa wa nchi nzima, na matokeo yake yana mengi ya kufundisha. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20. Hayakujengwa kwa kutafuta mkandarasi mkubwa. Yalijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: fedha inashuka shuleni, shule inaunda kamati ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi, vifaa vinanunuliwa maduka ya karibu, fundi wa mtaani analipwa ufundi.

Wakandarasi walilalamika kwamba fosi akaunti imewanyang'anya kazi, na walikuwa na hoja. Walioitetea nao walikuwa na hoja: faida ya mkandarasi haikuwepo, fundi wa kijijini alipata kazi, na wazazi waliiona saruji ikishuka kwenye gari. Darasa likawa lao. Mzazi anayepita kwenda shambani akiuliza mbona nondo zimepungua ni mkaguzi ambaye hakuna posho inayomlipa.

Kasoro yake kubwa ilikuwa kwingine kabisa. Mwalimu mkuu akageuka afisa manunuzi, kazi ambayo hakuisomea, huku darasani anasubiriwa. Milioni 20 ikawa ile ile kwa shule iliyo karibu na kiwanda cha saruji na kwa shule ya kisiwani Ukerewe, ambako kila mfuko unavuka ziwa. Kisha shule zote zikaingia sokoni kwa wakati mmoja, zikitafuta mabati na saruji zile zile, zikiwa na tarehe moja ya kumaliza. Mwenye duka yeyote anajua la kufanya na mteja mwenye haraka. Hapo ndipo halmashauri ingeweza kuwa na maana, kwa kukusanya mahitaji ya shule zake na kwenda kuzungumza bei kwa pamoja. Kugatua fedha bila kugatua nguvu ya kupatana bei ni kumtuma mtoto gulioni saa ya jioni.

Turudi kwenye halmashauri yenyewe, maana kuna jambo ambalo mfumo wa kompyuta hauligusi. Bodi ya zabuni huundwa na afisa masuuli, yaani mkurugenzi, na wajumbe wake kwa kawaida ni wakuu wa idara walio chini yake. Diwani haruhusiwi kukaa humo. Sababu yake inaeleweka: diwani ana wapiga kura wa kuwalipa fadhila, na uchaguzi hauko mbali. Ila tumemtoa mwanasiasa tukamwacha mtumishi apige kura mbele ya bosi wake. Mkuu wa idara ya kilimo atapinga pendekezo ambalo mkurugenzi analitaka? Wapo wanaopinga, na Mungu awabariki, lakini taratibu haziandikwi kwa kutegemea mashujaa. Diwani naye anakutana na matokeo kwenye kamati ya fedha, taarifa ikiwa imeshapigwa chapa, na cha kumbakizia ni kupiga kelele.

Kuhusu asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi inayotengwa kwa makundi maalumu, ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, nitasema kidogo. Nia yake naiunga mkono. Tatizo ni kwamba kikundi cha akina mama kinaweza kushinda kazi ya kushona sare, kikakosa mtaji wa vitambaa, akatokea mfanyabiashara mwenye mtaji akafanya kazi yote na kuwaachia bahasha ndogo ya kutumia jina lao. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ingeweza kuwa ndiyo mtaji huo. Mara nyingi mikopo inatolewa na ofisi ya maendeleo ya jamii na zabuni zinatolewa na kitengo cha ununuzi, na ofisi hizo mbili zinapakana ukuta tu.

Sasa nifike kwenye malipo, ambako naona tumekosea zaidi kuliko mahali pengine popote. Chukua mwenye duka aliyepeleka nondo na saruji za shilingi milioni 8 kwa LPO, hati ya halmashauri ya kuagiza bidhaa. Amepeleka ndani ya muda, kamati ya mapokezi imesaini, risiti ya EFD, mashine ya kodi, ameitoa, kwa hiyo mamlaka ya mapato, TRA, wanamtambua kama mtu aliyeuza. Halmashauri haijalipa. Mwezi wa kwanza wa kusubiri anaambiwa fedha haijaingia. Mwezi wa nne wa kusubiri mwaka wa fedha unaisha, deni linahamia kitabu kingine. Yeye naye ana bidhaa za mkopo kutoka kwa muuzaji wa jumla, na akibanwa sana anaangukia mikopo ya kausha damu, ile ya riba kali ya mtaani. Siku akilipwa, kodi ya zuio ya asilimia 2 imeshakatwa.

Mtu huyu akirudi kuomba zabuni mwaka unaofuata, bei yake haitakuwa ile. Ataweka riba ya miezi sita juu yake, ataweka na nauli za kufuatilia. Ndiyo maana halmashauri inanunua bidhaa kwa bei ambayo wewe dukani usingekubali. Mkaguzi akija anaona bei iko juu ya soko, anaandika hoja, na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa inawaita wahusika kujieleza. Ila kwenye karatasi, bei iliyopandishwa na cha juu cha afisa na bei iliyopandishwa na ucheleweshaji zinafanana kama mapacha. Mwizi anajificha nyuma ya mdai halali.

Baya zaidi ni nani anayebaki. Mwenye mtaji mdogo anayefanya kazi yake vizuri anajaribu mara moja, pengine mbili, kisha anasema bora niuze kwa wapita njia. Wanaobaki ni wenye mtaji mnene wa kusubiri, na wenye mtu wao wa kuwasukumia vocha za malipo pale uhasibu. Ushindani unaonekana kwenye mfumo, zabuni tano zimeingia, lakini watu wanaoweza kuishi na mteja wa namna hii walikuwa wawili tangu mwanzo. Mfumo uliobana rushwa ya kushinda zabuni umeiacha rushwa ya kulipwa ikae kwa raha zake.

Wanaoitetea halmashauri watasema haina kosa: fedha kutoka Hazina huja kwa mafungu na kwa kuchelewa, na mapato ya ndani hayatabiriki. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kutoa LPO wakati fungu halina kitu ni uamuzi wa mtu, na hata foleni ya kulipa mtu ndiye anayeipanga. Serikali imekuwa ikihimiza mifumo isomane. NeST inajua nani alishinda na lini. MUSE, mfumo wa ulipaji, unajua nani alilipwa na lini. Ikisomana, foleni ya malipo inaweza kuonekana na kila mtu.

Shule nyingi tayari hubandika ukutani kiasi cha fedha kilichopokelewa na kilivyotumika, na wazazi husoma. Halmashauri ibandike orodha yake ya malipo kila mwezi, yenye safu nne: jina la mzabuni, tarehe ankara ilipopokelewa, tarehe ilipolipwa, na kwa ambaye hajalipwa, aliyemtangulia kulipwa alikuja lini.