Uzoefu wa Tangu Utotoni

Kosa langu lilikuwa kusema kweli mbele ya mgeni. Mama mmoja wa kituo cha kuokoa wanyama alikuwa ameketi mezani kwetu hapa Reading, kusini mwa Uingereza, akikagua kama nyumba yetu inafaa kulea simbilisi, wale wanyama wadogo kama panya wasio na mkia, kwa muda, hadi wapatikane watu wa kuwachukua moja kwa moja. Aliangalia madirisha, akauliza habari za mbwa na paka, kisha akataka kujua kama kuna mtu yeyote nyumbani mwenye uzoefu na wanyama hao. Mimi, niliyekuwa nimetoka kazi ya usiku na sikuhitaji kitu kingine ila kitanda, nikajibu kwamba ni mzaliwa wa Njombe na nimekua nao tangu utotoni, wakati mwingine zaidi ya ishirini kwa mpigo, jikoni kwa bibi. Kalamu ilikimbia kwenye ile fomu kama imekanyaga siafu. Akauliza kwa kawaida waliishi hadi umri gani. Hapo mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza, nami nikajibu kwamba ilitegemea wageni. Yule mama alidhani nazungumzia wageni wanaoleta magonjwa, akatikisa kichwa kwa heshima, akaandika.

Kwa msomaji asiyetoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, iliko Njombe, niseme wazi kwamba simbilisi kwetu ni kitoweo. Wala si sisi tuliobuni jambo hilo, maana asili ya mnyama huyu ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ambako amefugwa kwa ajili ya nyama kwa maelfu ya miaka. Katika kanisa kuu la Cusco, nchini Peru, kuna picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata mwaka 1753, na wengi wanaoitazama husema kwamba kilicholala kwenye sahani katikati ya meza ni simbilisi. Nilimweleza mama watoto habari hiyo kwa nia ya kujitetea. Akaniambia kwamba nikiirudia mbele ya watoto nitahamia Cusco.

Basi wakaletwa watatu, mama na binti zake wawili. Mtu fulani alinunua dukani wawili akihakikishiwa kwamba ni dada, kumbe mmoja alikuwa kaka. Simbilisi jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili, huzaa watoto waliokwisha kuota manyoya na kufumbua macho, na siku hiyohiyo ya kujifungua anaweza kushika mimba nyingine. Bibi yangu aliiita hali hiyo baraka. Yule mnunuzi aliiita dharura, akabeba masanduku yote kuyapeleka kituoni.

Huko kituoni walikuwa wamewapa majina: Beatrice, Dorothy na Mabel. Miaka kumi na moja niko nchi hii na msimamizi wangu kazini bado hawezi kulitamka jina langu, lakini panya asiye na mkia anaitwa Beatrice. Tatizo ni kwamba Beatrice ndilo jina la ubatizo la shangazi yangu mkubwa, dada wa baba, mwanamke ambaye hadi leo nikimpigia simu huwa nasimama. Siwezi kutamka kwamba Beatrice amekojoa juu ya taulo. Kwa hiyo mimi humwita Shangazi, na watoto nao wamefuata, na sasa kila asubuhi nasikia kwangu mwenyewe kwamba Shangazi hajamaliza hoho lake.

Hoho hilo, tena jekundu, lina historia. Simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini, sawa na binadamu, na akiikosa huugua, kwa hiyo ni lazima aipate kila siku katika mboga mbichi. Hakuna anayepinga. Ninachouliza ni kwa nini mimi, ambaye ninaikosa kwa mujibu wa sayansi hiyohiyo, nafungiwa maharage yaliyolala. Nilipomsimulia mfanyakazi mwenzangu kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako wanyama hawa huitwa dende na hufugwa kwa sababu zilezile za bibi yangu, alinitazama kwa muda mrefu akasema, “Dende tatu ziko mu nyumba, na unakula maharagi?” Tangu siku hiyo ananiuliza kila Ijumaa kama nina wageni Jumapili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lilitolewa, ila nilipewa mimi. Zizi lao limechukua nafasi ya kiti changu, kwa kuwa sentimita 120 kwa 60 ndizo nafasi ya chini kwa wawili na hawa ni watatu, na mimi ni mmoja tena hukaa kazini. Kwa kuwa meno yao hayaachi kukua, sharti wawe na majani makavu ya kutafuna usiku na mchana. Pamoja na hayo hupenda majani mabichi, na mwenye uzoefu wa kukata majani ni nani? Nilikimbia kazi hiyo nikiwa na miaka kumi na mbili, nikasoma, nikapanda ndege, na sasa saa moja asubuhi nimeinama nyuma ya nyumba na mkasi wa jikoni, huku jirani akinitazama kupitia pazia. Nikirudi ndani nafagia vinyesi, ambavyo kila mmoja anaweza kutoa mia kwa siku.

Hata hivyo lililoniuma zaidi ni jokofu. Zamani nilikuwa nikirudi saa kumi alfajiri nalifungua polepole, nakata kipande cha kuku, nalifunga, na asubuhi lawama inawaangukia watoto. Simbilisi hulala usingizi wa mang'amung'amu, na kwa siku nne tu walijifunza kwamba mlango ule ukifunguliwa hutoka mboga. Sasa nikiugusa, wote watatu hupiga mluzi mkali kama wa refa aliyeona mkono ndani ya kumi na nane, na taa ya chumbani inawaka.

Kila Jumamosi hupimwa kwenye mizani ya unga na uzito wao kuandikwa daftarini, kwa sababu simbilisi huficha ugonjwa na uzito ndio humuumbua. Wiki ya sita yule mama alikuja kuwachukua, akalisoma daftari, akakuta Shangazi ametoka gramu 780 hadi 960. Mimi nimepungua kilo tatu katika kipindi hicho na hakuna palipoandikwa. Akasema katika kazi yake hajaona wanyama walionenepa kwa afya namna hii, na kwamba garini ana madume wawili waliokuwa wakipigana, kila mmoja na sanduku lake, ambao asingethubutu kuwapeleka kwa mtu asiye na uzoefu.

Halafu akafunga daftari, akaegemea meza, akaniambia kwamba mwezi ujao kituo kitawakusanya walezi wapya, na angefurahi sana kama ningefika kuwaeleza jinsi bibi yangu alivyowatunza wale ishirini, tangu mwanzo hadi mwisho. Safari hii nilikuwa nimejiandaa, nikauvuta mguu wa kulia kabla hajamaliza kusema. Sikujua kwamba mama watoto alikuwa ameshaulenga wa kushoto.