Koo linaanzia dukani

Shangazi yangu amefundisha shule ya msingi miaka 32, na zamani akimgombeza mtoto darasani ulimsikia hadi barabarani. Mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi la chaki. Baada ya miezi minne alikuwa anaongea kama mtu anayekunong'oneza umbea, ndipo nikampeleka hospitali ya rufaa, kliniki ya masikio, pua na koo.

Tulifika saa moja asubuhi na tayari tulikuwa namba 27. Ukikaa sana kwenye benchi lile unaanza kubashiri ugonjwa wa mtu kabla hajaitwa ndani. Watoto wa miaka miwili, mitatu, mara nyingi wamemeza sarafu. Walioanza shule wana mafindofindo, midomo wazi, wanakoroma mchana kweupe mapajani kwa mama zao. Wahubiri, walimu na wauza mitumba wamekaukiwa sauti. Halafu wapo wazee, wengi wanaume waliovuta sigara tangu ujana, wamekonda, kitambaa cha mate mkononi. Mmoja alikuwa na mrija shingoni. Mtoto alipomwamkia, alifunika kwanza tundu la mrija kwa kidole, ndipo akaitikia marahaba.

Ukutani palikuwa na bango: WAHI HOSPITALI. Bango lile lilinikera, na nitaeleza kwa nini.

Daktari alimuuliza, "Mwalimu, umeanza lini?" Shangazi akamsimulia yote. Alianzia duka la dawa, akapewa rangi mbili, vile vidonge vya antibayotiki. Akaenda zahanati, akachomwa sindano za siku tano. Akarudi duka jingine, akapewa azuma, antibayotiki nyingine. Katikati hapo kulikuwa na tangawizi, asali na maombi ya Jumatano. Sasa huyu amechelewa wapi? Alianza kutafuta tiba wiki ya kwanza. Wote waliomhudumia walichukua pesa yake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia afungue mdomo ammulike, wala aliyemwambia kwamba sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu lazima kisanduku cha sauti kiangaliwe. Bango linamkaripia mgonjwa. Mimi ningelibandika dukani.

Maana dukani ndiko koo linakotibiwa nchi hii, tukubali tu. Sehemu kubwa ya makoo yanayowasha ni virusi, hupona yenyewe ndani ya wiki moja hivi, na antibayotiki haisaidii kitu. Lakini wapo watoto, hasa wa miaka 5 hadi 15, ambao koo lao limeshikwa na bakteria aina ya streptokoka. Hao wakiachwa, au wakipewa nusu dozi, baadhi yao hupata homa ya baridi yabisi wiki mbili au tatu baadaye: viungo vinauma na kuvimba, na kimyakimya valvu za moyo zinaharibika. Miaka inapita. Binti anabeba mimba ya kwanza, anashindwa kupumua, ndipo anapelekwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na kuambiwa valvu imekwisha. Kumbe kinga yake ilikuwa penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, imezwe siku 10 kamili. Dukani mama aliomba vya elfu moja, akapewa vya elfu moja.

Kuhusu kimeo nitasema bila kumcheka mtu. Mtoto akikohoa mwezi mzima, bibi anaangalia kooni, anaona kile kinyama kinachoning'inia, anasema kimerefuka, kinamtekenya. Fundi anaitwa, anakikata. Mtoto anafika hospitali anavuja damu, au na usaha, au na pepopunda, na kikohozi chake kipo palepale kwa sababu kilikuwa pumu au kifua kikuu. Huyo bibi, ukimuuliza vizuri, alishampeleka zahanati mara tatu akarudi na dawa ya maji ileile. (Na sisi tuliosoma tusijione: ukikwamwa na mwiba wa samaki bado unameza tonge kubwa la ugali, na mwiba unazidi kuzama.)

Saratani ya umio, yaani mrija wa chakula, inatisha zaidi kwa sababu inabisha hodi polepole. Kwanza ugali unakwama, mtu anahamia wali. Wali ukikwama anahamia uji. Akifika kwenye uji ameshapungua kilo nyingi na ugonjwa umeshasambaa. Afrika Mashariki ni moja ya maeneo duniani yenye wagonjwa wengi wa aina hii, na hospitali ya saratani ya Ocean Road wanawajua vizuri. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, walisema vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda vinachangia. Chai yetu ya kupuliza hiyo.

Ninachotaka ni kidogo. Muuza dawa aulize mambo matatu kabla ya kufungua kopo: mgonjwa ana umri gani, imeanza wiki ngapi zilizopita, na chakula kinapita? Ana miaka 60 na sauti imekauka mwezi mzima? Usimuuzie kitu, mwelekeze hospitali.

Shangazi alipitishiwa kile kioo kidogo chenye mpini mrefu, kilichopashwa moto kisipate ukungu, daktari amemshika ulimi kwa shashi, "sema iii". Vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, ugonjwa wa walimu. Akaamriwa anywe maji na anyamaze wiki mbili, adhabu ambayo kwake ni kama jela. Siku ya nne jirani alikuja kuaga kwamba anampeleka mwanawe kwa fundi wa kimeo. Shangazi alitoa daftari la mazoezi, akaandika kwa wino mwekundu: "Mpeleke akapimwe makohozi. Usimkate."