Makombe ya Mama Mkwe

Pale nyumbani nilijitangaza kuwa fundi wa maji tangu nilipoweka sebuleni tangi la kioo la lita 100. Majani yakaota humo, na samaki 12 aina ya neoni wakawa wanakatiza katikati yake kama taa za bodaboda usiku. Neoni asili yao ni Amazoni, kwenye maji laini, yenye madini kidogo. Basi kila Jumamosi nilipima ugumu, yaani wingi wa madini majini: unachota mililita 5, unadondosha dawa, unahesabu matone mpaka rangi nyekundu igeuke kijani. Tone moja, digrii moja. Yangu yalikuwa 5. Mke wangu aliniuliza lini nitapima presha yangu kwa bidii hiyo.

Mama mkwe akaja kutoka Kilwa, na hakuja mikono mitupu: korosho, ngisi wakavu, na mfuko wa makombe aliyookota ufukweni mwenyewe. "Hawa samaki wako, baba, wanaishi majanini kama mbuzi. Watie makombe, wajione wako baharini." Neoni hajaona bahari, wala babu yake hakuiona. Lakini mama mkwe unamwambiaje? Nikayachemsha, nikayapanga, naye yuko kwenye kochi ananielekeza: lile sogeza, hili geuza.

Jumamosi ya kwanza, matone 7. Nikasema nimekosea kuhesabu. Ya pili, 9. Ya tatu, 12, na neoni wawili wamejikunyata pembeni hawataki kula.

Nikamshuku muuza maji wa boza. Nikamfuata kijiweni, nikamwuliza mbele za watu siku hizi anachota wapi.

"Kwani yana chumvi?"

"Hapana. Ni magumu."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Mzee mmoja akanishauri niyaloweke usiku kucha, kama maharage. Nikarudi kupima maji yaliyokuwa kwenye simtanki: 4. Kuomba radhi nilishindwa. Nilimtuma mtoto akanunue kwake madumu mawili ambayo hatukuyahitaji.

Nikasingizia joto. Kweli maji yakikauka madini hubaki, lakini nilikuwa naongeza lita mbili tu kwa wiki. Hizo hazifikishi 5 kuwa 12. Nikaikagua mbolea ya majani. Nikaukagua mchanga. Makombe nilikuwa nayasogeza pembeni ili nione vizuri.

Mama mkwe naye alikuwa na upelelezi wake. Nyuma ya runinga nilificha chupa ya soda yenye sukari na hamira. Ikichacha, hewa ya kaboni hupita kwenye mpira hadi tangini kulisha majani. Kila akitoka kuswali aliitazama ile chupa, kisha akanitazama mimi.

Siku moja mchana tunakula samaki wa kukaanga. Kombe moja lililobaki alilifanya kisahani cha chumvi. Nikakamua ndimu, tone likaangukia ukingoni mwa lile kombe, vipovu vikaanza kupanda. Tonge likanikwama. Kombe ni chokaa! Na hewa ya kaboni huyatia maji uchachu kidogo. Kumbe wiki tatu nzima nilikuwa nayeyusha makombe kwa chupa yangu mwenyewe.

Saa nane usiku nilikuwa nimezamisha mkono hadi kwapani, tochi mdomoni, nikiyatoa moja moja. Kiwiko kikaigonga chupa, ikamwagika, sebule ikanuka kilabu. Taa ikawaka. Mama mkwe, kanga mbili, mlangoni.

"Shikamoo, mama." Tochi ikatumbukia majini.

Akavuta pumzi puani, taratibu. "Hata samaki unawanywesha?"

Nilikuwa na njia mbili: niseme zawadi yake inaua samaki, au nikubali ulevi. Nikainamisha kichwa, nikaahidi kuacha.

Asubuhi chupa aliimwaga mwenyewe chooni, makombe akayarudisha tangini kwa mkono wake, huku akinisomea dua.

Siku ya kuondoka kwake, kabla basi halijatoka stendi, nilishayatoa yote na kubadilisha theluthi ya maji. Matone 10. Wiki iliyofuata nikabadilisha tena: 8. Neoni wakarudi kati.

Jioni ile akapiga simu. Akauliza hali ya samaki. Nikamwambia wazima, mama, wanakula vizuri.

"Na wewe," akasema, "siku ya ngapi leo hujaonja?"