Mpopla chotara: jua kloni kabla ya kushika mtaimbo

Vilima vingi vya malisho New Zealand vilifyekwa misitu, na udongo wake ni laini. Mvua kubwa ikipiga, mteremko unakatika na kushuka wote. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa Kimbunga Bola mwaka 1988, na tena wakati wa Gabrielle, Februari 2023. Wafugaji wa huko huchomeka nguzo mbichi za mpopla chotara, yaani vipande virefu vya mti huu (poplar kwa Kiingereza) vinavyoota mizizi ardhini, na kwa maoni yangu ni vigumu kupata mti unaoshika mteremko upesi hivyo huku mifugo ikiendelea kulisha chini yake. Ila usipande nguzo usiyoijua kloni yake, yaani aina iliyozalishwa kwa vipandikizi vya mti mmoja.

Mwaka 1973 kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu, ilifika nchini humo kutoka Australia, ikipeperushwa na upepo. Mipopla ya zamani isiyohimili kutu ilipukutisha majani mapema na kudhoofika, na mti dhaifu hauna nguvu ya kukuza mizizi. Ndiyo maana zikaja kloni kama ‘Veronese’, inayostahimili kutu na mteremko mkavu kiasi, na ‘Kawa’, ambayo majani yake hayawavutii sana possamu, wanyama wadogo wanaokula majani ya miti.

Wakati wa baridi nguzo zote zinafanana, kwa hiyo muulize mwenye kitalu na udai lebo. Ukiwa na majani, anza na kikonyo. Kwa chotara wa spishi mbili za mpopla, Populus deltoides na Populus nigra, kama ‘Veronese’, kimebanwa bapa ubavuni, ndiyo maana jani hutikisika hata kwa upepo mdogo. Jani lenyewe ni la pembetatu, na pale linapokutana na kikonyo tafuta vitezi vidogo, kimoja au viwili, ingawa kuna majani yasiyo navyo. Kenya ina mpopla wake wa asili, Populus ilicifolia wa kingo za Mto Tana. Huo ni spishi nyingine kabisa, na unastahili kulindwa pale ulipo.

Nguzo ya mita 3 hukatwa mti ukiwa umepumzika bila majani, kati ya Juni na Agosti, ambayo ni majira ya baridi New Zealand, kisha hulowekwa kwenye maji safi wiki moja au zaidi. Chomeka ncha nene chini, sentimita 60 hadi 80. Kwenye mteremko wa kawaida acha mita 10 hadi 15 kati ya nguzo; palipoanza kuporomoka, zisogeze karibu zaidi. Pendelea mabonde na sehemu zenye unyevu, achana na migongo mikavu ya vilima. Ivishe nguzo ala ya plastiki ili kondoo wasimenye gome. Kondoo wanaweza kurudi mapema, lakini ng'ombe wazuiwe miaka miwili ya mwanzo, maana hujikuna hadi nguzo ilegee.

Kushindilia ndiko kunakopuuzwa zaidi. Udongo urudishwe kidogo kidogo, kila tabaka likishindiliwa kwa mtaimbo tangu chini kabisa, si juu tu. Ukiacha mwanya, mizizi michanga inakauka. Kiangazi kikiingia udongo husinyaa, nguzo inacheza kwa upepo na mizizi inakatika; majani yanachipua kwa akiba ya ndani, kisha yananyauka, na mkulima anadhani ni ukame. Pita tena mwanzoni mwa kiangazi, tikisa kila nguzo kwa mkono, na inayocheza ishindiliwe upya.

Usiipande karibu na nyumba wala mabomba ya maji machafu. Matawi ya mpopla mkubwa huvunjika kwa upepo, na mizizi yake huziba mabomba.