Netiboli baada ya kemo: inasaidia ama tunajidanganya?

Shangazi yangu alipokuwa mgonjwa nyumba ilijaa watu hadi viti vikaisha, alafu akamaliza kemo, yaani zile dawa kali za kuua kansa, daktari akasema uko sawa, na hapo ndio upweke ukaanza. Sikuhizi kila Jumamosi anapanda matatu kutoka Ahero hadi Kisumu kucheza netiboli na wamama wengine waliopona kansa ya matiti, na kuna watu wa familia wanasema tumkataze, wanaogopa ataumia.

Hofu yao haikutoka hewani. Kitambo madaktari wenyewe walikuwa wanawaambia wamama waliotolewa tezi za kwapani wasiusumbue huo mkono, juu ungevimba usirudi tena. Mwaka 1996 kule Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie akachukua wanawake 24 waliopona akawaweka kwenye mtumbwi mrefu wapige makasia, na mikono haikuvimba. Alafu 2025 ukatoka utafiti wa kansa ya utumbo mpana, wagonjwa 889, na wale waliosimamiwa kufanya mazoezi kwa muda wa miaka 3 baada ya kumaliza kemo, karibu 90 kwa kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 8, wenzao waliopewa tu vitabu vya maelezo ni 83. Lakini hao walikuwa na mtu wa kuwasimamia. Kama kansa imefika mifupa, kuruka kudaka mpira kunaweza kukuvunja, kwa hivyo daktari aulizwe kwanza.

Mi mwenyewe sikushawishiwa na hizo namba. Siku ya kwanza shangazi alikuwa amekunja kitambaa ndani ya sidiria upande uliokatwa, mpira ukamgonga, kitambaa kikateleza hadi tumboni mbele ya watu wote. Mama mmoja akasimamisha mchezo, akachomoa pini kwenye leso yake, akambania pole pole, wakaendelea. Hakuna aliyeuliza chochote, maana kila mmoja pale anajua. Sisi wa nyumbani tungeanza kumpa pole.

Bado siwezi kusema uwanja unatosha. Kuna mwenzao kansa ilimrudia akaacha kuja, na kundi zima likanyamaza, wiki tatu hakuna aliyempigia simu, juu kila mtu akimfikiria yeye alikuwa anajiona mwenyewe. Hapo ndio wangehitaji mshauri wa kukaa nao, mtu anayejua kuongea mambo ya kifo, na hawakuwa naye. Kuna pia wale ambao nauli ya Jumamosi ndio unga wa jioni, hao hata hatuwaoni uwanjani. Na wababa wenye kansa ya tezi dume, nani amewaita?

Mwishowe shangazi na wenzake wawili walienda kwa yule mama aliyerudiwa na kansa. Aliwaambia hakuwa anataka maombi wala matunda, anataka kuja tu. Sasa anakaa kwa kiti cha plastiki pembeni ya uwanja na shuka magotini, yeye ndio anahesabu magoli.