Mawingu ya kusi Dodoma: moshi una hatia kiasi gani?

Kati ya Juni na Oktoba, kusi inapovuma, kuna asubuhi Dodoma huamka na mawingu ya chini yanayotoweka jua likipanda, bila hata manyunyu. Wengi huulaumu moshi wa nyika zinazochomwa kwamba ndio unaozuia mvua.

Lawama hiyo ina msingi. Haya ni mawingu ya joto: kilele chake hakifiki usawa wa nyuzi sifuri, ambao ukanda huu uko kilomita 4.5 hadi 5 juu ya bahari. Barafu hakuna, hivyo mvua hutegemea matone kugongana na kuungana. Mvuke nao huhitaji chembe ya kushikilia, na moshi huzileta kwa wingi. Wingu lenye gramu 0.4 za maji kwa mita ya ujazo, likiwa na matone 100 katika kila sentimita ya ujazo, hupata matone ya nusu kipenyo cha mikroni 10 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Matone yakiwa 800, maji yaleyale hugawanywa hadi mikroni 5. Manyunyu huanza karibu na mikroni 14. Masizi pia hunyonya jua na kulikausha wingu. (Vumbi tusiliweke kapu moja na moshi, chembe kubwa chache zenye chumvi huweza hata kuanzisha manyunyu.)

Ila tazama hesabu hiyo tena: hata hewa safi imeishia mikroni 10. Gramu 0.4 ndiyo maji ya kileleni mwa wingu lenye unene wa mita 200 tu. Kufika mikroni 14 kwa matone 100 kunahitaji karibu mita 600, na zaidi wingu likichanganyika na hewa kavu. Unene huo huzuiwa na hewa inayoshuka kutoka juu msimu wa kiangazi, ikipata joto na kuyafunika mawingu. Msimu huohuo ndio wa kuchoma, basi moshi hukutwa eneo la tukio kila mara.

Kwangu, moshi una uzito Novemba, unyevu unapoanza kuingia na mawingu kunenepa. Hapo tofauti ya matone 100 na 800 huweza kuamua. Hata hivyo, volkano ya Holuhraun, Iceland, mwaka 2014 hadi 2015, iliongeza chembe hewani kama moshi ufanyavyo, ikapunguza ukubwa wa matone, lakini kiasi cha maji mawinguni hakikubadilika sana.

Picha za satelaiti nazo hudanganya: unyevu karibu na wingu huvimbisha chembe, zikaonekana nyingi kuliko zilivyo. Anayetaka kupima athari ya moshi alinganishe siku zenye unyevu uleule, na zenye kifuniko hicho cha hewa inayoshuka katika kimo kilekile.